Nilimwinga Shangazi Nikidhani ni Ndege

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenirudishia macho kabla sijaua mtu!

Mimi ni kijana wa Mtawanya. Niliugua saratani ndani ya pua, nikapelekwa Dar es Salaam kupigwa mionzi. Nikapona, alhamdulillahi! Nikarudi na ndoto yangu ileile: kuendesha basi jekundu la Kibiti, lenye honi ya kuimba. Honi nilishaanza kuifanyia mazoezi kwa mdomo.

Mwaka wa pili baada ya mionzi, ukungu ukaniingia machoni. Asubuhi ukungu, mchana ukungu. Taa ya bodaboda naiona kama jua limeanguka barabarani. Ndugu zangu, niliogopa! Nilijua saratani imerudi. Nikanyamaza, maana Shangazi Mwanahawa, aliyenilea, alishalia vya kutosha.

Basi mpunga ukakomaa, nikapanda dunguni, kile kibanda chetu cha juu cha kuwingia ndege. Mlinzi mwenyewe haoni! Mchana mmoja nikaona kitu cha kahawia kinapepea juu ya masuke. Nikazungusha kombeo, nikaachia donge la udongo. Ndugu zangu, yule ndege akalia ngwaa, kama sufuria!

"We Shabani! Leo mimi nimekuwa kwelea kwelea?"

Kumbe Shangazi, na chakula changu kichwani.

"Nisamehe Shangazi, nilidhani ndege!"

"Ndege gani anavaa kanga?"

Akapanda ngazi kwa hasira zote. Alipofika akanipungia mkono mbele ya uso. Sikupepesa. Hasira ikamwisha palepale, akakaa chini, akalia. Nikamweleza yote.

"Kesho hospitali," akasema. "Na hilo kombeo lete hapa."

Daktari alinipima, akatabasamu. "Saratani haijarudi. Mionzi iliyokuponya ilipita karibu na macho, ikakuachia mtoto wa jicho. Tutamtoa, tuweke lenzi."

Shangazi akadakia: "Huyo mtoto mtoeni, ila jicho libaki!"

Wakanifanyia upasuaji jicho moja, baadaye la pili. Bandeji ilipotoka, kitu cha kwanza nilichokiona ni pengo la Shangazi, anacheka. Nikalia kama kichanga!

"Nyamaza, utayalowesha macho ya watu!"

Ndugu zangu, mpaka leo natia dawa ya matone, maana macho hukauka. Lakini naona! Nawaomba, ukipigwa mionzi kisha macho yakabadilika, usikae na hofu peke yako kama mimi. Mtegemee Mungu, waambie wa nyumbani, panda gari ukapimwe.

Na mimi nimerudi dunguni. Shangazi bado analeta chakula, ila siku hizi anakuja na mfuniko kichwani, anapiga kelele tangu njiani: "Ni mtu! Ni mtu!" Nami namjibu kwa honi ya basi langu, ile ya mdomo, kwa sababu namwona tangu kule mbali, alhamdulillahi, mpaka pengo lake.