Tanuru Lisilo na Mlango wa Majivu

Mchungaji, wazazi wetu, majirani wa landhi, nyumba zetu hizi za reli, mimi ni Micah, ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, na nitasoma polepole, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuharakishwa na mtu.

Hezekiah Obura alizaliwa tarehe 3 Machi 1915 huko Gem, akaingia shule ya misheni mwaka 1924, akafika darasa la sita, na walimu walilalamika kwamba anautazama moshi wa jikoni zaidi kuliko ubao. Mwaka 1934 alikuja Nakuru, akajifunza uashi katika reli, na tarehe 12 Desemba 1940 akamwoa Milcah Adero, wakajaliwa Peterson, Rosbela na Domtila.

Mwaka 1953 hospitali moja ya hapa mjini ilimwomba abuni tanuru la kuchoma takataka za hatari za mji mzima, yaani bendeji zenye usaha, magunia ya dawa ya kuogesha ng'ombe, na saa za ndege za vita, zile ambazo mishale yake imepakwa rangi ing'aayo kijani gizani, naye akaishi na tanuru hilo kama mtu aliye ndotoni, akilichora mchangani, mezani, hata kwenye mvuke wa dirisha, mpaka siku moshi wake ulipotoka mweupe na mwembamba, ukaelea kuelekea ziwani pamoja na ndege heroe.

Lakini aliliwekea mlango wa majivu upande wa njia, kwa kuwa kwetu jirani hanyimwi majivu, na akina mama wakayachukua ya kuhifadhia maharagwe na kusugulia sufuria, Milcah akiwa wa kwanza. Juni 1955 daktari alimweleza kwamba moto hauimalizi sumu ya rangi ile wala ya dawa ya ng'ombe, unaiacha kwenye majivu, na kaka yangu akaketi chini palepale akalia. Akalibomoa, akajenga lingine lisilo na mlango, majivu yakianguka yenyewe katika shimo la saruji, kisha kila Jumapili baada ya ibada akapita nyumba kwa nyumba hadi Bahati, akiomba radhi na kuyakusanya, na nyumba alizoziandika zilikuwa arobaini na moja.

Kifua kilimshika Februari 1957, akalazwa mara tatu, akatutoka tarehe 9 Agosti 1958, saa nne asubuhi, akiwa amefuta nyumba arobaini katika orodha yake.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, wenzake wa reli, na ninyi majirani mliomfungulia bila kumtukana, ingawa alikuja kuwachukulia hata maharagwe yenu yaliyohifadhiwa katika majivu hayo. Nyumba iliyobaki hakuijua, alimkumbuka tu mama mwenye leso ya manjano aliyejaza debe la majivu akaondoka akimshukuru. Mama, kama uko hapa, hakuna atakayekukasirikia, usiyamwage shambani, tuletee tuyashushe shimoni kwa niaba yake.

Pumzika, Hezekiah, hiyo moja tuachie sisi.