Kuku wa Bi Evanthia

Pasaka ikikaribia, katika mitaa ya juu ya Patra, mji wa Ugiriki, kila mtu hupaka ukuta wake chokaa. Anayechelewa husemwa mpaka Pentekoste. Bi Evanthia, mjane apendaye kusema wala si kusemwa, alikuwa amekwisha kupiga mkono wa kwanza wa chokaa. Chini ya chokaa hiyo, usiku uliotangulia, mtu asiyejulikana alikuwa amechora kuku mkubwa kama mlango, kajifunga kitambaa cheusi kichwani, kile kile cha Bi Evanthia. Chokaa mbichi haifichi kitu mpaka ikauke. Basi akaketi benchi la mkahawa, ng'ambo ya kichochoro, amtazame kuku akififia. Pembeni yake walikaa Redio, asiyezimika, na Nahodha, ambaye chombo chake ni kiti.

— Uharibifu mtupu! alianza Redio. Ukuta wa mjane umekuwa uwanja wa wahuni?

— Acha ushamba, bwana. Sanaa hiyo. Manyoya yale utadhani yatapeperuka, alisema Nahodha.

— Sanaa? Alama ya wezi! Kuku maana yake humu analala mwanamke peke yake.

— Na kitambaa?

— Maana yake anakoroma.

— Umenisikilizia wapi nikikoroma, Redio? aliuliza Bi Evanthia.

Nahodha alipaliwa na kahawa.

— Mimi nasema ni manispaa, alisema alipopata pumzi. Leo kuku, kesho watalii, keshokutwa kodi imepanda tunalala bandarini. Haba na haba hujaza kibaba!

— Na jichoni kuna kamera, ndugu yangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni!

Bi Evanthia alikuwa na lake moyoni. Tangu picha ya harusi, hakuna aliyeona uso wake unafaa kuwekwa popote. Lakini mjane mzima atetee kuku? Watu watasemaje? Na kishungi cha kuku kilishaanza kuwa cheupe.

Mke wa padri mpya wa Kiorthodoksi, mgeni mtaani, akapita na rangi nyekundu ya kupaka mayai ya Pasaka. Akasimama.

— Hamjambo wazee. Mwenye ukuta anampenda huyu kuku?

Redio ikazimika. Nahodha akachungulia kikombe. Asubuhi nzima hakuna aliyeuliza hilo.

— Nampenda! Bi Evanthia aliruka. Naye anakauka!

Akanyakua bilauri ya maji iliyoletwa pamoja na kahawa ya Redio, akavuka, akammwagia kuku. Nahodha akafuata na yake. Redio, wezi wake na kamera zake kasahau, akaja mbio na ndoo ya mkahawa. Chokaa ikateremka kama maziwa, kuku akatoka ameloa, ametuna.

Jumapili ya Pasaka ukuta ulikuwa mweupe pe, kuku katikati. Na chini yake limechorwa yai moja jekundu, ambalo Jumamosi halikuwepo. Redio aliapa hajui lolote, ila siku nzima hakutoa mikono mfukoni.