Mama Tarehe, Fundi wa Nguo za Ubatizo

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mama wa nyumbani. Miaka miwili baadaye alizaliwa mdogo wake, ambaye leo amekaa benchi la mbele. Mama yao alisimulia kwamba kichanga kilipoletwa nyumbani, marehemu alikikagua kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akauliza, "Huyu anaondoka lini?"

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1964, na kila mwaka aliongoza katika kazi za mikono. Mwaka 1965 masista walimpokea katika darasa la ushonaji, akahitimu baada ya miaka miwili. Daftari lake la mishono lipo hadi leo. Ukurasa wa mwisho ameandika: "Mdogo wangu naye anataka kujifunza. Kwa nini?"

Tarehe 18 Julai 1970 alifunga ndoa na fundi bomba, mtu mpole aliyefariki mwaka 2009. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa tarehe 2 Juni 1971. Siku tano kabla yake, mdogo wa marehemu alikuwa amejifungua binti. Dada hao wawili walipanga kuwabatiza watoto siku moja, Jumapili ya tarehe 13.

Jumamosi mchana marehemu alikwenda kwa mdogo wake, akaikuta nguo ya ubatizo ya yule binti imetandazwa kitandani. Ilikuwa na lesi shingoni na mikononi. Ile aliyoshona yeye haikuwa nayo.

"Ya wangu ni foronya," alisema.

"Dada, ni mtoto, si bwana harusi. Kesho twende tu."

"Nendeni. Wangu atabatizwa tarehe 27, akiwa amevaa."

Binti alibatizwa. Marehemu alishona lesi safu tatu. Jumatano ya tarehe 23, asubuhi, mtoto wake alishikwa na homa, akafia njiani kwenda zahanati. Alikuwa na siku ishirini na moja. Baadaye mwalimu wa dini aliwaeleza wazazi kwamba mtu yeyote angeweza kumbatiza palepale, kwa kummwagia maji na kusema maneno yanayotakiwa. Katika nyumba ya fundi bomba, hakuna aliyekumbuka maji. Alizikwa na nguo ile ya lesi.

Mwalimu yuleyule alisema, kama wengi walivyofundisha wakati huo, kwamba mtoto hateseki, yuko mahali pazuri, ila hatamwona Mungu. Marehemu alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake. "Wako akifa leo anaingia," alimwambia. "Wangu amebaki mlangoni." Hawakuzungumza tena hadi Krismasi.

Mwaka 1973 alifungua chumba cha kushonea nyuma ya soko la mboga. Kwa miaka arobaini na mitano alishona nguo za ubatizo, na hakuna hata moja iliyokuwa na lesi. Kabla ya kumpima mtoto aliuliza, "Tarehe?" Asiye na tarehe alielekezwa kwanza ofisi ya parokia, ndipo arudi. Hivyo akaitwa Mama Tarehe. Waliotaka mapambo walijibiwa, "Padri anamwaga maji kichwani, hamwagi kwenye lesi."

Kila mwezi wa Juni alimwita binti wa mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, akamsimamisha ukutani na kumpima urefu kwa utepe. Gauni halikushonwa hata mara moja. Binti alidhani mama yake mkubwa ni bahili. Alipofikisha miaka kumi na minane aliuliza, naye akajibiwa bila kuzungushwa: "Nataka kujua wangu angekuwa amefika wapi. Simama wima."

Mwaka 2007 zilitoka habari za hati ya wanateolojia wa Roma kuhusu watoto wanaokufa bila ubatizo. Dada hao walikwenda pamoja kwa paroko. Aliwaeleza kwamba mahali pale palipofundishwa palikuwa maoni ya wanateolojia, hapakuwa sehemu ya imani yenyewe. Kwamba Kanisa linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu. Na kwamba ipo sababu ya kutumaini kuwa wameokoka, ingawa halisemi kwa uhakika.

"Kwa hiyo mdogo wangu ana cheti," alisema marehemu, "mimi nina matumaini."

"Mama, ulitaka abatizwe?" paroko alimuuliza.

"Nilitaka kupita kiasi. Ndiyo sababu nikachelewa."

Paroko alisema upo ubatizo wa tamaa, kwa mtu mzima aliyeutaka akafa kabla ya kuupata. Kwa kichanga hatujaambiwa. Tunaweza kutumaini kwamba Mungu huipokea hamu ya wazazi.

"Wa tamaa?" mdogo wake aliingilia. "Baba Paroko, kwa tamaa huyu angebatiza parokia nzima."

Marehemu alicheka mpaka akaomba maji.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na moyo uliopanuka. Alilazwa mara nne. Juma la mwisho mdogo wake alimuuliza kama anadhani atamkuta mwanawe.

"Natumaini. Nikimkuta nampakata. Wewe wako ana miaka hamsini na miwani, utampakata wapi?"

"Mbona unanitia wivu, dada?"

"Pokea. Mimi nimeubeba vya kutosha."

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne.

Ameacha mdogo wake na wajukuu tisa. Aliagiza mtoto wake wa kwanza asiwekwe pembeni miongoni mwa waliotangulia, bali ahesabiwe pamoja na nduguze, tena juu kabisa. Kwa hiyo watoto wa marehemu ni watano: mvulana wa siku ishirini na moja, muuguzi, fundi umeme, mwalimu, na dereva wa lori.

Apumzike kwa amani, na tunatumaini amempakata.