Mtambo Ulioingia Bila Hodi

Katika gari la kutoka Ngara kwenda Biharamulo, Priscila alipakata kompyuta yake kama mtoto mchanga. Alikuwa anaenda kwenye usaili wa kazi. Bibi Theodosia, jirani yake wa kiti, akauliza kuna nini humo.

"Mtambo wangu, bibi. Ni programu ya kupeleka na kupokea ujumbe wa soko la hisa. Nimeiandika mwenyewe, nyumbani Mugoma."

"Kwani iliyo tayari hakuna?"

"Ipo, tena ya bure."

"Sasa umejisumbulia nini, mjukuu wangu?"

Swali hilohilo ndilo Priscila alilolihofia kwenye usaili. "Ili niijue, bibi. Mwanzoni nilituma oda ya kununua hisa moja kwa moja, mtambo wa soko ukawa unanikatia mawasiliano kila mara. Kumbe unajitambulisha kwanza, unajibiwa, ndipo unasema shida yako."

"Uliingia bila hodi? Mtoto wa Mugoma!"

Dereva akapunguza redio ili asikie, heshima ambayo hata abiria anayeomba kushuka hapewi.

"Siku hizi inabisha, bibi. Na inakaribishwa." Priscila alisema kwa fahari.

Gari likasimama stendi. "Mimi ningechukua ile ya bure," bibi alisema akishuka. "Ila wewe wakikuuliza, anza na pale ulipofukuzwa."