Bwana Aliniinua kwa Mkono wa Mama Lusia

Sifa zimwendee Bwana aliyenifikisha hapa mbele kwa miguu miwili na fimbo moja. Ndugu zangu, nawasalimu. Watoto, marahaba, hata ninyi ambao hamjaniamkia.

Wengi mnaniita mama wa maombi. Leo nimekuja kulirudisha jina hilo, maana nililipata kwa uongo. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mtaamua wenyewe kama mtaniita tena.

Ujana wangu nilikuwa na mgongo kama gogo la mninga. Ninyi mliozaliwa juzi hamjui maji yetu yalitoka wapi. Huku juu Newala hakuna mto wala kisima. Tulishuka mlima hadi bondeni, tukapanda tena, debe kichwani, mtoto mgongoni. Mwanamke aliyelalamikia kiuno nilimwambia usoni kwamba kiuno ni ugonjwa wa wavivu. Nilimwambia hivyo hata mama yangu mzazi, Mungu amrehemu. Alinitazama tu, hakujibu. Sasa najua kwa nini hakujibu.

Ikaja Ujamaa. Tukatolewa mashambani tulikotawanyika, tukakusanywa Chilangala, nyumba kwa mstari. Mikorosho yangu ikabaki mbali, na kaburi la mume wangu, Baba Stefano, katikati yake. Kila asubuhi nilikwenda na kurudi. Sikuchoka, au nilisema sikuchoka.

Msimu mmoja niliinama kuokota korosho, nikashindwa kunyooka. Maumivu yalinichoma kiunoni kama kisu cha kumenyea muhogo, yakashuka mguuni. Nikabaki pale pale nimeinama, natazama siafu wakipita. Jirani akatokea, akaniuliza nimepoteza nini. Nikamjibu nimepoteza kifungo. Ndugu zangu, gauni langu halikuwa na kifungo hata kimoja!

Kwa nini nilificha? Nina mtoto mmoja, huyo Stefano, karani kule Masasi. Tulipomzika baba yake aliniambia, "Mama, siku utakaposhindwa kuteka maji yako mwenyewe, nakuja kukuchukua." Alisema kwa upendo, simlaumu. Lakini nayajua maisha ya mzee aliyechukuliwa. Unawekwa kwenye mkeka katika nyumba ya mwanamke mwingine. Ukishika mwiko unaambiwa, mama pumzika. Unapumzika mpaka unakufa. Mimi nilitaka kufia kwangu, karibu na mikorosho yangu na mume wangu.

Basi nikaanza kazi ya kuficha. Ndani ya kanga nilijifunga kitambaa kigumu, nikajibana mpaka chakula kikakataa kushuka. Nilijikanda kwa chumvi iliyopashwa moto, mlango nimeufunga. Nikajipaka mafuta ya nyonyo, nikasema ni ya nywele. Wazee wenzangu tulipokaa pamoja walisema wazi. Mmoja alisema mgongo wake umeingiwa na baridi ya bondeni, mwingine alisema ametupiwa kitu, mwingine alisema ni uzee, na uzee hauna dawa. Mimi niliwapa pole, kama mtu mzima wa afya. Zahanati sikwenda, maana mganga wa pale alikuwa na sauti kubwa na dirisha wazi.

Jumapili moja hapa hapa kanisani tulipiga magoti. Wenzangu wakainuka. Mimi sikuweza. Nikafunika uso kwa mikono. Ibada ikaisha, watu wakatoka, nikasikia mmoja ananong'ona, "Mwacheni Mama Stefano, yuko na Bwana."

Sikuwa na Bwana. Nilikuwa na misumari ya benchi, naihesabu. Walipokwisha kutoka wote nikatambaa hadi kwenye nguzo, nikajivuta kwa mikono kama mtoto anayejifunza kusimama.

Jumapili iliyofuata ikawa vile vile. Jina likakua. Wakanichagua niongoze sala za akina mama. Wakaniletea watoto wagonjwa niwaombee, na mayai ya kunishukuru. Nikayapokea. Nikayala.

Sasa nieleze habari za Mama Lusia. Alivuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, Mmakonde wa ng'ambo, ana ndonya, kile kipande cha mti kinachotobolewa mdomo wa juu, na chale usoni. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwangu, nami sikuwahi kumkaribisha hata uji. Mama huyu naye akaanza kubaki magotini baada ya ibada! Yeye upande ule, mimi upande huu. Nikakasirika. Nikasema moyoni, huyu ametoka wapi kushindana nami kwa maombi? Nilimsubiri aondoke ili nitambae kwenye nguzo yangu. Hakuondoka, ikabidi nijifanye napanga vitabu huku natambaa, nikatoka nikimwacha pale. Ikawa hivyo Jumapili nyingi.

Siku moja tulibaki mpaka jua likafika utosini. Magoti yanawaka, mguu umekufa. Nikasali kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nikisema, Bwana, mwondoe mama huyu. Ndipo nikasikia sauti yake kwa Kimakonde cha kwao.

"Mama Stefano, unamaliza lini?"

"Nikimaliza na Bwana."

"Mimi nilimaliza zamani. Siwezi kuinuka."

Kicheko kikanitoka, na kila nilipocheka mgongo ulinichoma, na machozi yakaja humo humo. Nikamwambia, "Hata mimi."

Tukatambaa mpaka katikati, tukashikana mikono, tukavutana. Tukaanguka wote wawili. Mzee Danieli, mtunza kanisa, akachungulia akatuona chini tunacheka na kulia. Mzee yule hakuuliza. Alikimbilia kengele, akapiga, akatangaza kwamba Roho amewaangusha akina mama. Watu wakaja mbio, wengine na ugali mkononi.

Wakatusimamisha, wakaniuliza nimeonyeshwa nini. Ndugu zangu, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Na nilijua nikisema kweli, habari itafika Masasi kabla ya Jumatano. Nikamtazama Mama Lusia. Naye alikuwa akiwaeleza kwa utulivu jinsi alivyombeba mama yake mgongoni siku nyingi, mabomu ya Wareno nyuma yao, mpaka Ruvuma. Mama alifika mzima. Mgongo wa aliyembeba ndio haukufika. Nikamkumbuka mama yangu na neno nililomwambia. Nikafungua kitambaa kiunoni mbele ya watu wote, nikasema, "Sikuwa naomba. Nilikuwa nashindwa kuinuka. Na mayai nilikula."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mzee nyuma pale akajishika kiuno, akaketi.

Jumamosi Stefano akaja na lori. Shikamoo mama, marahaba, akaanza kutoa vitu. Kitanda changu kikawa uani. Sikubishana, neno lake alilisema zamani, nami nilishindwa. Ndipo Mama Lusia akaja na mkeka wake kwapani, akakaa juu ya kitanda. Stefano akamwomba kwa adabu ainuke. Akajaribu, akashindwa.

"Ninyanyue, mwanangu."

Stefano akampa mkono, akamsimamisha.

"Umeona? Mkono tu," akamwambia. "Lori la nini?"

Mwanangu akakirudisha kitanda ndani, na mkeka wa Mama Lusia akautandika kando yake. Alisema atakuja tena baada ya msimu wa korosho kututazama. Anakuja kila msimu, na lori linarudi tupu.

Mgongo unauma bado, sitawadanganya tena. Lakini Mama Lusia anaweza kuinama, hawezi kubeba. Mimi nabeba kidogo, siwezi kuinama. Yeye anaokota, mimi nachukua. Maji wanatuletea wakwe wa majirani kwa zamu, na chumvi tunakandana mlango wazi. Zahanati nimekwenda. Mganga aliniambia nitembee, nisilale kutwa, debe niwaachie vijana. Alisema kwa sauti ile ile, kijiji kizima kikasikia. Sikufa.

Namshukuru Bwana, aliniondolea kile kilichouma kuliko mgongo. Nawe uliyejifunga kitambaa ndani ya kanga leo, nakuona unavyokaa. Mtegemee Bwana, mwambie kweli, na usitazame mawinguni kusubiri mkono wake. Mimi ulinijia kwa kutambaa, na ndonya mdomoni.

Sasa tusali. Wanaoweza wapige magoti. Tukimaliza, kabla hujatoka, tazama kulia na kushoto. Ukimwona mzee amebaki chini, usiseme yuko na Bwana. Mpe mkono.

Anzeni na sisi wawili.