Mwalimu Zipora Mageni na Minyoo Wake wa Baharini, 1971–2024

Mwalimu Zipora Mageni alizaliwa tarehe 9 Juni 1971 Nyahanga, Kahama, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mageni na Mama Mbuke. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari Shinyanga, kisha akasomea baolojia chuo kikuu, Dar es Salaam.

Mwaka 1996 alipelekwa Unguja kwa utafiti. Maji yalipokupwa alishinda ameinama matopeni, akarudi na chupa ishirini na sita: minyoo wenye vinyweleo kama brashi, wengine bapa kama jani, wengine warefu kama utepe, wengine waliojijengea mirija ya mchanga. Majongoo bahari aliwaacha. Alisema wanafanana tu na minyoo, ukoo wao ni wa kiti cha pwani, yule mnyama wa umbo la nyota. Mnyoo mmoja mwekundu hakumpata katika kitabu chochote.

Alianza kufundisha Geita mwaka 1997. Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa na Marcel Charles, mnunuzi wa dhahabu, mzaliwa wa Runzewe. Wanafunzi walimwita Mama Minyoo, naye aliitika kwa furaha.

Mwaka 2008, walipohamia nyumba mpya, alizitafuta chupa zake asizione.

"Baba Davis, chupa zangu ziko wapi?"

"Nimezitupa shimoni. Nyumba mpya tuingie na minyoo?"

Zipora hakugombana. Aliingia jikoni akasonga ugali. Marcel akadhani yamekwisha.

Februari 2024 Zipora aligundulika kuwa na saratani ya ini. Siku moja wodini, Marcel alivuta kiti.

"Mama Davis, wale minyoo wako. Nitajie."

"Leo?"

"Leo."

Alimtajia mmoja mmoja, Marcel akiandika kwenye daftari, hadi wa ishirini na tano.

"Wa mwisho, yule mwekundu, hakuwa na jina," alisema. "Nilitaka wataalamu wamwangalie. Kila mwaka nilisubiri likizo."

Marcel aliahidi kumpeleka Unguja wamtafute tena. Walikata tiketi za Agosti. Zipora alifariki tarehe 22 Julai, saa kumi na mbili asubuhi.

Ameacha mume, mama yake mzazi, watoto wawili, Davis na Nelly, na mjukuu mmoja, Lusia. Wazee walimshauri Baba Davis mara mbili aondoe katika wasifu huu sehemu inayosema alizitupa chupa. Amekataa.

Mungu ampe Mwalimu wetu pumziko la amani.