Gregori Ndunguru na Kijiji Kilichohamia Mlimani

Ijumaa, tarehe 19 Desemba 2025, Ndugu Gregori Ndunguru anastaafu baada ya kuitumikia idara ya matengenezo ya makao yetu ya wazee hapa Oxon Hill kwa miaka ishirini na miwili. Hiyo ni hesabu ya ofisi. Yeye mwenyewe anasema ni ishirini na mitatu, mkewe Jacqueline anasema ni maisha yote, na mimi niliyepewa ukurasa huu wa Kiswahili wa jarida letu nimebaki katikati, sijui nimsikilize nani. Tuchukue ya ofisi, twende.

Gregori ni Mmatengo wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, ambako reli haijafika mpaka leo. Nalitaja hili mapema kwa sababu mtu huyu ndiye aliyetujengea treni. Alipofika Marekani alipanga chumba Columbia Heights, na siku yake ya kwanza ya kazi akapanda Metro ya Green Line kuelekea upande usio wake. Aliposhtuka alikuwa Greenbelt, mwisho kabisa wa njia, na huku kazini wanamsubiri. Alifika mchana, jasho linamtoka. Msimamizi wa wakati ule alicheka, hakumfukuza. Gregori naye akalalamika kwamba reli ya watu wenye akili ingezunguka, ili aliyepitiliza kituo akae tu kwenye kiti chake mpaka arudishwe.

Reli hiyo akaja kuijenga mwenyewe. Krismasi yake ya kwanza hapa alitumwa stoo akatafute taa za mti, akarudi na boksi la treni ya bati lililoachwa na familia ya mzee mmoja marehemu. Taa alizisahau. Akaweka meza kubwa katikati ya ukumbi wa mapokezi, akaanza kukata mbao nyembamba na maboksi ya dawa kutengeneza vijumba: kanisa lenye paa jekundu, duka la dawa, kinyozi, sinema. Madirisha ni karatasi za pipi, na ndani ya kila kijumba mna balbu. Ni kijiji cha Marekani ya zamani, ile ya kwenye kadi za Krismasi, isipokuwa pale stesheni amekaa mama anauza maandazi. Wageni huuliza huyo mama katokea wapi. Mimi niliyekaa meza ya mapokezi miaka mingi huwaelekeza tu kwa Gregori.

Theluji ya mwaka ule wa kwanza ilikuwa unga wa sembe. Nadhani panya wote wa Oxon Hill walipata habari. Tangu hapo tunatumia pamba.

Kijiji kilikuwa kibomolewe Januari, wazee wakagoma. Basi kikabaki mwaka mzima, na ndiyo maana mkija kwetu mwezi wa saba, joto limewachosha, mnakuta Krismasi. Kila Novemba Gregori alikuwa akiking'oa, akikipangusa vumbi na kukirudisha vilevile, kila kijumba kwenye tundu lake. Tulimsifu kwa uaminifu. Yeye alisema ni uvivu tu, maana nyaya zilikwisha pitishwa kwenye yale matundu na hakutaka kutoboa mengine.

Sasa niingie kwenye mambo ya mwaka huu, na naomba mnivumilie, kwa kuwa hata leo sina hakika kama nimeyaelewa sawasawa.

Kwa kuwa ndiyo Krismasi yake ya mwisho, Gregori aliamua kujenga kijiji cha moyo wake. Alitengeneza meza mpya, akajenga mlima wenye handaki, akaweka treni mbili zinazopishana. Mteremkoni alichimba vishimo vya ngoro, vile wanavyolima Wamatengo, kisha akavifunika theluji. Vijumba vyote vya zamani vikapata mahali papya. Mimi nimeona mapambo mengi hapa mjini, ila kama hayo sijayaona. Alipowasha taa tulipiga makofi, na yeye akasimama pale mikono kiunoni, anacheka peke yake. Ilikuwa wikiendi ile ya Novemba ambapo Marekani nzima hurudisha saa nyuma kwa saa moja.

Jumatatu tukaanza kuchanganyikiwa. Mzee Dunstan, ambaye kwa chakula hatanguliwi na mtu, alikutwa chumba cha kufulia, amekaa juu ya kapu la mashuka anasubiri uji. Hatujakaa sawa, Bibi Ashaki akakutwa kwenye ngazi za kupanda juu. Huyu ni Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, aliyejifunza Kiswahili ujanani na akaja kukifundisha. Siku hizi anasahau mengi. Husahau alichokula, na mara nyingine husahau jina la bintiye, Eshe. Lakini kutoka ukumbini hadi chumbani kwake, korido ya kushoto, alikuwa anakwenda mwenyewe bila kushikwa mkono, na hicho ndicho kitu kilichobaki anachojivunia.

"Huyu ni wa tatu leo namtoa laundry," Cherono, nesi wetu, alilalamika mbele ya meza yangu. "Kwani nini imehappen?"

"Bazee bote banapotea," Clement, mhudumu wetu kutoka Kongo, akaitikia, huku kamshika mzee mwingine mkono. "Miye sielewe kitu. Niko confus kabisa."

Tukasema ni saa. Wazee husumbuliwa na kubadilishwa kwa saa, kila mtu anajua. Tukasubiri wazoee, hawakuzoea. Zikabadilishwa balbu za korido, vikachukuliwa vipimo, dawa zikapitiwa upya. Gregori mwenyewe alibandika mishale ya karatasi ukutani, na mimi nikapotea kwa kuifuata. Bibi Ashaki akakutwa tena kwenye ngazi, na tena, safari hii kafika kati, anahema, kashika ukuta.

Ngazi si mchezo kwa mtu wa umri ule. Utaratibu wetu unasema mzee anayekutwa mara kwa mara kwenye ngazi ahamishiwe wodi ya ghorofa ya pili, yenye milango ya kufuli. Ni mahali pasafi, watu wake ni wema, lakini huko hakuna kutembea peke yako. Eshe akaitwa aje atie sahihi karatasi za uhamisho. Alifika macho mekundu, akasimama mbele ya meza yangu kana kwamba mimi ndiye niliyeamua, nami nikamsogezea kiti.

Gregori alikuwa ukumbini, anapaka mafuta magurudumu. Bibi Ashaki akaja, akakiinamia kijiji muda mrefu, kisha akanyoosha kidole hadi kwenye kijumba cha njano chenye mlango wa kijani, juu kabisa ya mlima.

"Ndugu Gregori," alisema kwa kile Kiswahili chake cha darasani, kila neno limenyooka, "umeihamishia nyumba yangu mlimani. Ninapanda kila siku, nami nimechoka."

Gregori aliiweka chini chupa ya mafuta. Treni tu ndiyo iliyoendelea.

Kila mzee akihamia hapa huchagua kijumba kiwe chake, na karibu wote huchagua kilicho upande wa korido yao, kwa kuwa ndicho wanachokiona kwanza wakitokeza. Kumbe kabla ya kuondoka ukumbini walikuwa wanakitazama kijiji, kisha wanafuata upande ambao vijumba vinaelekea. Zamani kanisa lilielekea chumba cha kulia. Mwaka huu lilielekea chumba cha kufulia. Hakuna aliyepanga hivyo. Hapo mwanzo Gregori aliweka vitu pale waya ulipofika. Hata sisi wafanyakazi tulikuwa tunaambiana mpeleke fulani upande wa kanisa, mpeleke upande wa kinyozi, na bado hatukung'amua lolote mpaka mwenye nyumba alipokuja kulalamika.

Gregori alikasirika, na nampa haki yake. Alisema kijiji ni kijiji tu, akatoka nje akazunguka maegesho ya magari bila koti. Maisha yake yote ya kazi amejenga kile ambacho nyaya zilimruhusu, na hiki kimoja tu ndicho alichojijengea yeye. Alirudi masikio yamepauka kwa baridi, akamwomba Eshe asitie sahihi kwanza. Wikiendi hiyo alibomoa mlima, akapandisha meza ya zamani kutoka karakana na kurudisha kila kijumba kwenye tundu lake. Hakutaka msaada. Jumatatu, Bibi Ashaki alitazama mezani, akageukia kushoto na kwenda zake chumbani, kichwa juu. Jioni ile Eshe alizichana karatasi mbele yangu. Nililia, sioni haya kusema.

Mlima sasa uko Upper Marlboro, nyumbani kwa Gregori, kwenye chumba cha chini. Jacqueline amekubali, kwa sharti treni isivuke mpaka wa mashine yake ya kufulia.

Zawadi yetu ya kuagana ndiyo iliyotuvuruga upya. Tulimchongea kijumba chenye jina lake kikae kijijini. Clement akataka kiwekwe upande wa karakana. Cherono akauliza, je, wazee wakienda kumtafuta huko wakute giza? Mimi nikasema stesheni, na stesheni inaelekea mlango mkubwa wa nje, barabarani. Tulizunguka meza ile na kijumba mkononi, na kila tulipokigusisha tuliona mzee amepotea. Ilifika mahali nikawaza tumpe tu blanketi.

Bibi Ashaki alikuwa anatutazama. Akakichukua kijumba mkononi mwangu, akangoja treni isimame stesheni, akakiweka juu ya behewa la wazi, nyuma ya kichwa cha treni.

"Huyu yuko safarini," alisema. "Tusimtafute. Atapita."

Na kweli anapita. Ninapoandika haya amekwisha lipita kanisa, anamkaribia mama wa maandazi, na wazee wawili wanampungia mkono.

Gregori, tunakushukuru kwa kila bomba, kila balbu, kila kitasa, na kwa mlima ule ulioushusha mwenyewe. Pumzika, uwe na afya na amani wewe na Jacqueline huko Upper Marlboro. Na siku ukipitiliza kituo, kaa tu kwenye kiti chako. Hii yetu inazunguka.